Dawa za presha kwa mama anayenyonyesha: mwongozo tangu siku ya kutoka wodini

Mama mmoja aliletwa kwetu siku ya sita baada ya kujifungua. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri na macho yanaona nyotanyota. Mashine ilisoma 178 kwa 116. Tulipouliza kuhusu dawa, mama yake mzazi alifungua kipochi akatoa bahasha ya nifedipini aliyopewa binti yake siku ya kuruhusiwa. Vidonge vilikuwa vyote, hata kimoja hakijaguswa. "Tuliogopa kumnywesha mjukuu dawa kali," alisema bibi yule, na ilikuwa wazi kwamba alisema kwa mapenzi. Mjukuu alikuwa mzima kabisa, ananyonya kwa nguvu. Aliyekuwa ukingoni mwa kifafa ni mama yake.

Katika miaka yangu ya ukunga nimewaona akina mama wengi waliofika hali mbaya kwa sababu waliacha vidonge kimyakimya nyumbani. Mtoto aliyedhurika kwa dawa ya presha iliyopita kwenye maziwa, dawa iliyochaguliwa vizuri, sijakutana naye. Zipo dawa za kuepuka, na nitazitaja. Lakini kwa karibu kila mama mwenye presha ipo dawa anayoweza kumeza huku ananyonyesha, na swali la kumuuliza daktari ni hili: "Je, dawa hii, kwa jina lake, inamfaa mtoto wangu wa umri huu?"

Kwanza elewa kwa nini bado unahitaji dawa

Wengi huamini kwamba kondo la nyuma likishatoka, presha ya mimba imekwisha. Kwa kawaida presha hushuka kidogo mwanzoni, kisha hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, maji yaliyokuwa yamejaa miguuni na mwilini yanaporudi kwenye mishipa ya damu. Ona hesabu hiyo ilivyo mbaya: siku presha inapofika juu kabisa, mama yuko nyumbani, wageni wanamiminika kumwona mtoto, na hakuna mashine ya kupimia. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, na wakati mwingine humpata mama ambaye kliniki presha yake ilikuwa nzuri miezi yote tisa.

Kabla hujabeba mtoto kutoka wodini

Usiondoke na bahasha tu. Omba uandikiwe kwenye kadi mambo manne: jina la dawa na miligramu zake, mara ngapi kwa siku, presha yako ilikuwa ngapi siku unaruhusiwa, na tarehe ya kurudi kupimwa. Kadi hiyo ndiyo itakayokusemea siku ukifika zahanati usiyojulikana.

Mweleze daktari kama mtoto ni njiti, kama ana manjano, kama ana shida ya figo au moyo. Mtoto aliyetimia miezi anachuja dawa vizuri zaidi kuliko njiti, na dawa inayomfaa mmoja inaweza isimfae mwenzake. Sema pia kama wewe una pumu, maana kundi zima la dawa za presha (labetaloli, propranololi, atenololi na ndugu zao) linaweza kukubana kifua.

Na hili nalisisitiza: wodi ya wazazi kila mtu anajua unanyonyesha. Kliniki ya kawaida ya presha, miezi miwili baadaye, hakuna anayejua usiposema. Umeenda peke yako, mtoto umemwacha na dada, daktari anaona mtu mzima mwenye presha na anaandika dawa ya mtu mzima. Neno la kwanza mdomoni mwako liwe "nanyonyesha".

Ijue dawa yako kwa jina

Majina nimeyaandika kama tunavyoyatamka. Kwenye pakiti utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, mara nyingi na herufi e mwishoni badala ya i, au bila irabu kabisa mwishoni. Usiitambue dawa kwa rangi ya kidonge. Kiwanda kikibadilika na rangi hubadilika.

Wataalamu hupima usalama kwa kulinganisha kiasi anachopata mtoto kupitia maziwa na kile anachomeza mama, kila mmoja kwa kilo zake. Ikiwa mtoto anapata chini ya asilimia 10 ya dozi ya mama, kwa kawaida dawa huhesabiwa kuwa inavumilika. Dawa nyingi za presha tunazotoa kwa wazazi ziko mbali sana chini ya mstari huo. Kaptoprili na enalaprili hazifiki hata asilimia 1. Dang'a, yale maziwa ya njano ya siku za mwanzo, ni machache mno, kwa hiyo na dawa inayopita nayo ni kidogo.

Nifedipini ndiyo rafiki mkubwa wa wodi zetu. Inapita kidogo sana kwenye maziwa. Hata akina mama ambao chuchu zao hubadilika kuwa nyeupe na kuuma kwa sababu mishipa inajikaza hupewa dawa hiyohiyo, na wanaendelea kunyonyesha. Ile ya kukaa mwilini muda mrefu, imeze nzima. Ukiitafuna au kuisaga inaachia dawa yote kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka. Inaweza pia kukuletea kichwa kuuma na uso kupata joto siku za mwanzo, na hapo ndipo mama anaposema "dawa imenikataa". Ukipata kichwa, pima presha kwanza. Kama presha iko vizuri, ni dawa, nayo kwa kawaida huzoeleka. Kama iko juu, kichwa hicho ni hatari na hospitali ndiyo njia.

Amlodipini ni ya ukoo huohuo, humezwa mara moja kwa siku. Inapita zaidi kidogo kuliko nifedipini, ila bado iko chini ya ule mstari, na watoto waliofuatiliwa hawakuonekana kudhurika.

Labetaloli nayo ni nzuri kwa anayenyonyesha, tatizo lake kwetu ni bei na upatikanaji.

Methildopa, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Aldomet, haina ubaya kwa mtoto. Ubaya wake ni kwa mama: inaweza kukulegeza, ikakupa usingizi mzito na kushusha moyo, katika wiki ambazo moyo wa mzazi tayari uko katika hatari ya sonona. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mama aliyekuwa akiitumia ahamishiwe dawa nyingine ndani ya siku 2 baada ya kujifungua. Huku kwetu bado akina mama wengi huruhusiwa nayo. Kama ndiyo uliyo nayo, usiitupe. Imeze, lakini uliza kama unaweza kubadilishiwa. Na ukijiona unalia bila sababu, hupati usingizi hata mtoto akilala, au huna hamu ya kumshika mwanao, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda ukaseme.

Enalaprili na kaptoprili huwachanganya watu. Ukiwa mjamzito ni marufuku, kwa sababu zinaharibu figo za mtoto tumboni. Ukishajifungua, zinaruhusiwa. Muuzaji wa duka la dawa aliyesikia nusu ya habari atakukatalia, na wewe utaogopa. Ukweli ni kwamba kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Uangalizi wa ziada ni kwa njiti na mtoto mchanga sana. Sisi wenye asili ya Afrika dawa hizi zikiwa peke yake mara nyingi hazitushushi vya kutosha, na mwongozo ule wa NICE unashauri tuanzishiwe nifedipini, au amlodipini kwa aliyewahi kudhibitiwa nayo, kisha enalaprili iongezwe kama presha haijatulia. Ukiwa na enalaprili au kaptoprili uwe na njia ya uhakika ya kupanga uzazi, kwa kuwa mimba inaweza kuingia kabla hujaona hedhi.

Sasa zile za kuangalia mara mbili. Atenololi inapita kwa wingi kuliko wenzake na hutolewa na figo, ambazo kwa mtoto wa chini ya miezi 3 bado hazijakomaa. Kuna watoto walioripotiwa mapigo ya moyo kushuka na midomo kuwa ya bluu. Kama unaitumia na una mtoto mchanga, omba ubadilishiwe. Propranololi na metoprololi hupita kwa uchache kuliko atenololi. Kundi la losartani, valsartani na telmisartani halina ushahidi wa kutosha kwa watoto wachanga, hivyo huepukwa pale dawa nyingine ipo. Dawa za kukojoza, kama furosemidi (Lasix) na haidroklorothiazidi, hazimdhuru mtoto kwa dozi ndogo, ila dozi kubwa hupunguza maziwa. Angalia na vidonge vya mchanganyiko: losartani yenye herufi H au HCT pembeni ya jina ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja.

Hapa namlenga mama aliyekuwa na presha hata kabla ya mimba. Kabatini zimebaki pakiti za losartani za mwaka jana. Umejifungua, unasema sasa nirudi kwenye dawa yangu ya zamani niliyoizoea. Usirudi kabla ya kuuliza.

Saa ya kumeza

Chagua saa moja na uishike. Wapo wanaofunga dawa na chai ya asubuhi, wapo wanaofunga na taarifa ya habari ya usiku. Ukipenda, nyonyesha kwanza ndipo umeze, hasa kabla ya ule usingizi mrefu wa mtoto. Kwa dawa za kukaa mwilini siku nzima tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo usiicheleweshe dozi ukisubiri mtoto alale. Mtoto wa wiki mbili halali kwa ratiba.

Usikamue maziwa ukayamwaga. Dawa haikai kwenye titi kama maji kwenye mtungi. Inapopungua kwenye damu yako, ile ya kwenye maziwa nayo hurudi kwenye damu na kupungua. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, isipokuwa kama ya pili imekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja.

Kupima presha ipasavyo

Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu yote miwili chini, bila kuikunja nne. Vua mkono wa dera au blauzi, mkanda ukae kwenye ngozi, mkono uegemee mezani usawa wa moyo. Kibofu kiwe kitupu. Usipime mtoto akiwa titini wala ukiwa unaongea. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, andika namba zote. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo mama mwenye mkono mkubwa aulize kama upo mkanda mpana.

Nyumbani, wiki ya kwanza, pima kila siku kama una mashine au jirani anayo. Kama hamna, nenda zahanati angalau siku ya 3 na siku ya 5 au 6, hata kama unajisikia mzima. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linataka mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Kwa mwenye presha, hicho ni kiwango cha chini.

Namba zisome hivi. Chini ya 140/90 ukiwa na dawa, uko pazuri, endelea. Ikishuka chini ya 130/80, au unapata kizunguzungu ukisimama, mweleze daktari akupunguzie; usijipunguzie mwenyewe. Ikifika 150/100, nenda kituoni siku hiyohiyo. Ikifika 160 ya juu au 110 ya chini, yoyote kati ya hizo, ni dharura hata kama huumwi popote: ondoka sasa, hata kama ni saa nane usiku.

Dalili hazingoji namba. Kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, ukungu au nyotanyota machoni, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe, kuhema kwa shida, uso kuvimba ghafla: hospitali. Mama akipata degedege, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mpelekeni. Si mapepo, na kila nusu saa ya kumtafutia mganga inamgharimu. Hospitalini atachomwa magnesiamu salfeti, na akizinduka na kuwa na nguvu ya kumshika mtoto, anaweza kunyonyesha wakati bado anaipata.

Mwangalie mtoto

Mtoto mchanga hulala sana, hilo lisikutishe. Unachotafuta ni mabadiliko: aliyekuwa anaamka kudai titi sasa haamki hata ukimvua nguo, ananyonya mara mbili na kuacha, amelegea, amepoa mwili, midomo imekuwa ya bluu, au kwa siku nzima nepi ni chache sana. Kuanzia siku ya 5 hivi tunategemea mikojo 6 au zaidi kwa siku. Mzani ndio shahidi mzuri kuliko wote. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki 2 awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Akipanda vizuri kwenye kadi, maziwa yako yanamfaa.

Vitu vingine vinavyopandisha presha na havisemwi

Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hupandisha presha na pia hupunguza maziwa. Dozi moja tu imepimwa ikipunguza maziwa ya siku kwa karibu robo. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha presha kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kwa maumivu ya mshono anza na parasetamoli, na zingine upewe na anayejua presha yako. Bromokriptini, vidonge vya kukausha maziwa, visitumike kabisa kwa mama mwenye presha isiyotulia. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili pia si vyako. Uliza kuhusu vile vya homoni moja vya wanaonyonyesha, kipandikizi au kitanzi.

Jikoni, uji wa pilipili manga hauna neno, na mtori kunywa. Shida ni chumvi ya supu na magadi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na mlenda yana sodiamu kama chumvi yenyewe, na mama wa arobaini analishwa vyote mara tatu kwa siku na watu wanaompenda. Mwambie anayekupikia apunguze vyote viwili.

Zungumza na walio nyumbani

Uamuzi wa kuacha dawa mara nyingi haufanywi na mama mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa mimi humwita na bibi wa mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, mwanao ana presha. Hiki kidonge asipokimeza anaweza kuanguka kifafa, na huyu mtoto atabaki na nani? Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, tumeshakipima. Nakuomba wewe ndiye uwe unamkumbusha kila jioni."

Bibi akishapewa kazi hiyo, vidonge humezwa. Nimewahi kumwona bibi akirudi na mgonjwa wake na karatasi ya kalenda aliyoichora mistari ya mkaa, mstari mmoja kwa kila kidonge.

Baba naye asiachwe nje. Aelezwe dalili za hatari, na nauli ya dharura iwekwe kando kabla haijahitajika.

Kupunguza na kuacha

Presha iliyoletwa na mimba mara nyingi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12, na dawa hupunguzwa kidogokidogo kwa kufuata namba. Usiache ghafla, hasa labetaloli na jamaa zake, maana presha na mapigo ya moyo huweza kuruka juu. Kama baada ya wiki 12 bado iko juu, sasa ni presha yako ya kudumu na inahitaji mpango wake. Unyonyeshe kama ulivyokusudia. Dawa zilizotajwa hapo juu kuwa salama zinabaki salama, na kadiri mtoto anavyokua na kuanza kula, dozi anayopata inazidi kuwa ndogo.

Uliyewahi kupata presha ya mimba, kwenye mimba ijayo sema hudhurio la kwanza kabisa, kabla ya wiki 12. Kuna aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa mapema ili kupunguza uwezekano wa kurudi kwa hali ile.

Na tarehe ya wiki ya 6 unayo tayari bila kuiandika: ni siku ya chanjo ya mtoto. Akishachomwa, usikimbilie bodaboda. Muulize muuguzi presha ya mama inapimwa chumba gani, ingia na bahasha yako ya dawa mkononi.